Mshale Kwenye Fyuzi

Aliingia dukani kwangu, Chorzów, theluji mabegani,
Bi. Elfryda Pyka, kakumbatia kopo la biskuti.
Akalifungua. Ndani ya pamba, kama jino la mtoto,
fyuzi: vifuniko vya dhahabu, mwili wa kauri ya buluu,
na mshale mdogo uliochorwa kwa mkono.
"Zloti elfu moja na mia mbili," akasema.
"Gerard aliinunua mwaka aliostaafu mgodini.
Sasa nadaiwa makaa. Utanipa ngapi?"

Mimi ni fundi. Mwaka wa thelathini na moja huu nalehemu.
Nilitaka kumwambia ninayowaambia wote:
kwamba umeme umesafiri kilomita mia
juu ya nyaya zenye barafu na kunguru,
umepita kwenye transfoma inayovuja mafuta nyuma ya kanisa,
umepanda ghorofa nne kwa waya uliotandazwa na mlevi,
na sasa, sentimita mbili kabla ya kufika,
ndipo tunautandikia zulia.

Kwamba mshale huo hauna pa kuelekea:
mkondo huenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde;
ni kubandika kibao cha njia moja kwenye bembea.
Kwamba fyuzi ina kazi moja tu duniani,
kufa kabla ya wengine,
na ile ya zloti moja hufa vizuri vilevile.

Sikusema. Mjane haji dukani kuhutubiwa.
Niliuliza tu: "Alisikia tofauti?"

"Loo!" Akavua glavu moja.
"Jioni ya kwanza alinikalisha kwenye kiti chake.
'Sikia, Elfi, fidla zimesogea mbele.
Sikia mwanamke anavyovuta pumzi kabla hajaimba.'
Alikuwa mwendesha lifti ya mgodi, mwanangu,
sikio lake lilijua uzi mmoja ukikatika
ndani ya kamba ya chuma.
Nami nikasema ndiyo, nasikia.
Nilikuwa nasikia friji."

Akacheka, akafuta pua.
"Wiki ya pili akalazwa, mapafu. Nikaiona risiti.
Nikaichomoa, nikarudisha ya zamani, ya kioo,
nikaipeleka hii kwa waliomuuzia. Wakakataa.
Nikaificha kwenye kopo.
Akatoka hospitali, akawasha mtambo, akaketi.
Nilisimama jikoni na mwiko mkononi kama mshtakiwa.
Akaita: 'Elfi! Sasa imezoea. Imefunguka kabisa!'"

Miaka tisa.
Kila Jumapili baada ya supu aliwasifia wageni
fyuzi iliyokuwa kabatini, nyuma ya unga.
Alibishana na binamu yake mhandisi
mpaka wakasusiana Krismasi.

"Hukumwambia?"
"Nimwambie nini? Kwamba masikio yake yamemdanganya?
Yalimbeba watu miaka ishirini na sita, hakuanguka mmoja."

Nikampa mia tatu. Nyingi mno kwa fyuzi,
hazifiki nusu tani ya makaa.

Usiku, mlango umefungwa, niliipima.
Mita ikasema inavyosema kwa zote.
Nikaitia kwenye amplifaya yangu, mshale ndani,
nikasikiliza upande mzima wa santuri.
Nikaigeuza, mshale nje. Upande uleule.
Mwamba ngoma huvutia kwake,
na ngoma yangu mimi ni mita hii;
nikaigeuza tena. Saa saba usiku.
Tramu ya mwisho ilikwishapita.

Kuna mahali, kabla ya ubeti wa pili,
mwimbaji anavuta pumzi.
Fupi, yenye unyevu, kama mtu anayetaka kukiri jambo.
Santuri hiyo ninayo tangu jeshini.
Naapa sikuwahi kuisikia.

Asubuhi, kabla ya chai, nikatia ya kioo, ya zloti moja.
Pumzi ingali pale.

Fyuzi ya Gerard iko kwenye droo ya skrubu.
Bado sijaibandika bei.